Kulabu ya Sita

Korongo waliondoka wiki iliyopita, wala hawakuaga.
Kiota chao juu ya nguzo ya umeme
kimebaki kama kofia iliyosahauliwa.
Jezups wa kuni anasema mwaka huu baridi itawahi.
Kila mwaka husema hivyo,
na kila mwaka namjibu: basi pasua kuni,
maneno hayawashi jiko.

Ufunguo unagoma kwanza, kisha unakubali.
Shule inanuka rangi mbichi, na chini ya rangi
ile harufu ya zamani isiyopakika:
chaki, soksi zilizolowa, supu ya kabichi.
Jua la miezi mitatu limekaa humu peke yake,
limefifisha bahari zote kwenye ramani.
Latvia yenyewe imekuwa rangi ya chai.

Nimekuja na ndoo, sabuni, mkate mweusi na jibini.
Nasugua madawati. Chini ya moja, chingamu
kavu kama jino. Juu ya jingine mtu kachonga
RAIVIS +
na hakumaliza.
Nimeiacha hiyo alama ya kujumlisha.
Mwenyewe, nadhani, bado anatafuta jibu.

Huu ni mwaka wa thelathini na moja.
Nilipoanza, kulabu za makoti zilikuwa ishirini na sita
na bado makoti mengine yalilala sakafuni.
Seremala akaja, akang'oa zilizozidi,
akaziba matundu kwa gundi na unga wa mbao.
Ukipitisha kidole ukutani unayahesabu,
kama makovu ya ndui.
Zimebaki nane.

Naandika majina kwa wino wa kijani,
moja moja, kama anayeshona vifungo:
Dzintra. Mareks.
Tekla na Donats, pacha wa mfuga nyuki.
Ausma, aliyeniuliza dukani, mbele ya foleni nzima,
kama walimu hulala shuleni.
(Nilisema hapana. Leo sina hakika.)

Ya sita ni ya Ilgvars.

Mama yake alinikuta sokoni, kapu la uyoga mkononi.
Akaanza na bei ya uyoga, akapita kwenye mvua,
akazunguka, akazunguka, kama mbwa anayetaka kulala,
mwisho akatua: Ayalandi.
Baba kapata kazi, kiwanda cha samaki.
Tunaondoka Jumapili.
Nikasema hongera.
Nikanunua uyoga ambao sikuuhitaji.

Nambandua kwa ukucha. Karatasi inatoka vipande:
kwanza mkia wa jina, kisha tumbo lake,
lakini herufi ya kwanza imeng'ang'ania chuma
na ukucha umechoka.
Huyu ni mtoto aliyehesabu
kwa kugusa meno kwa ncha ya ulimi.
Huko nani atajua kwamba akinyamaza ghafla
hajashindwa: amefika saba,
yuko kwenye pengo, anavuka?

Kwenye ramani nimechora mistari miwili kwa penseli.
Wa korongo unateremka kusini, kusini zaidi,
unapita Misri, mpaka nikachuchumaa kuumalizia.
Nimeuwekea kishale huku na huku:
waendao hurudi, watoto wataona Aprili.
Wa pili ni mfupi, wa magharibi, kiganja kimoja tu.
Kishale kimoja nimechora.
Cha kurudi, mkono ulisita,
nikasingizia penseli imekwisha ncha.

Keshokutwa watakuja wameoga, nywele zimegandishwa kwa maji,
na maua ya gladioli marefu kuwapita wenyewe,
mashina yamefungwa kwa gazeti lililolowa,
nami sina vyombo vya kuyatia. Kila mwaka sina.
Nikavuka uani nikamwambia Jezups
aniazime ndoo zake za maziwa.

"Ngapi?" akauliza, shoka begani.

"Nane," nilisema.

Akaleta nane.
Sikurudisha hata moja.